Swali Linapokosa Mwenzi: Imani ya Vijana katika Rosa Mistika, Kichwamaji na Njia Panda

Kila tunapofika kwa Kezilahabi katika somo la riwaya, mjadala wa semina huwa ni ule ule. Rosa aliharibiwa na malezi. Kazimoto aliharibiwa na elimu ya kigeni. Mmoja wetu anaandika ubaoni "malezi mabaya", mwingine anaandika "udhanaishi", halafu tunakwenda kula. Makala haya hayana nia ya kuyapinga majibu hayo. Nia yake ni kuchunguza jambo ambalo nadhani tumekuwa tukilipita bila kulitazama: vijana hawa walilelewa katika Ukristo, je, walipokuwa na swali juu ya imani yao, walimwuliza nani?

Sina budi kusema kwa nini naliuliza. Nilipokuwa mwaka wa kwanza, mwenzangu wa chumba alikuwa mwimbaji hodari katika kikundi chetu cha sala. Jioni moja, wakati wa ushuhuda, alisimama akauliza kwa nini Mungu alinyamaza muda wote mama yake alipokuwa akiugua. Kiongozi wetu, mwanafunzi kama sisi, akasema ndugu yetu ana roho ya mashaka, tumwombee. Basi tukamzunguka, tukamwekea mikono, tukaomba kwa sauti kubwa. Na mimi nilikuwamo. Hakuuliza tena. Baada ya wiki chache hakuja tena. Tulilala chumba kimoja hadi mwisho wa mwaka, nami sikuwahi kumwuliza alichotaka kusema jioni ile.

Sasa tuanze na Rosa Mistika (1971). Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa kueleza mambo ya ngono waziwazi; baadaye ikaruhusiwa na kuwa kitabu cha kusomwa darasani. Jina lake lenyewe ni la kanisani, maana ni miongoni mwa majina anayoitwa Bikira Maria katika litania. Rosa ni binti wa Ukerewe, wa Zakaria na Regina. Baba yake ni mlevi, lakini kwa mabinti zake ni askari: anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya kijana Charles. Kutoka mikononi mwa baba huyo Rosa anakwenda Rosary, shule ya wasichana inayoongozwa na masista, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro.

Wahakiki wengi wamesema, na wamesema kweli, kwamba Rosa alifungwa mno nyumbani na alipofunguliwa akapotea. Lakini tutazame ni nini hasa kilichofungwa. Rosa alipewa amri, hakupewa sababu. Wema wake wa awali ni woga wa baba uliovikwa rozari. Kwa hiyo anapokutana na wenzake, wenye maisha mengine na mzaha mwingine, hana la kuwajibu. Hawezi kusema "mimi naamini hivi kwa sababu hii", kwani hata yeye sababu haijui. Na kwa masista hawezi kupeleka swali, maana huko swali na kosa hukaa benchi moja. Hivyo Rosa anahama kutoka utii hadi uasi bila kupitia mahali pa kufikiri. Hajawahi kuuacha Ukristo kwa hoja. Unamponyoka tu, kama kanga iliyofungwa na mtu mwingine.

Na ndipo tunafika kwenye ile sehemu ya mwisho ambayo wanafunzi wengi huiona kama kioja. Rosa amekwisha kujiua, na sasa yeye na baba yake wako mbele ya Mungu, wakilaumiana juu ya nani aliyeyaharibu maisha yake. Wako wanaosema mwandishi alikosa namna ya kumaliza riwaya. Mimi naona kinyume chake. Fani hapa inabeba dhamira. Katika riwaya nzima hapakuwa na kikao ambamo binti angeweza kumwambia Zakaria ana kwa ana yaliyomo moyoni. Bwenini hapakuwapo, nyumbani hapakuwapo, kanisani hapakuwapo. Mwandishi analazimika kukijenga kikao hicho ng'ambo ya kaburi. Hiyo ndiyo shutuma kubwa kuliko zote katika kitabu hiki: kwamba kijana Mkristo alilazimika kufa kwanza ndipo apate mahali pa kusema.

Kichwamaji (1974) inatuonyesha upande wa pili. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, hana upungufu wa maswali. Kuwepo kwa Mungu, maana ya kuishi, maana ya kuzaa: yote yanamsumbua. Mwandishi anayajua mazingira hayo. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma seminari kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Kichwamaji ilitoka miaka michache tu baada ya kuhitimu kwake. Lakini Kazimoto anamwuliza nani? Manase, mwenziwe wa utotoni, ndiye aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia akafa. Mtu wa rika lake aliyesoma kama yeye, ambaye angeweza kumwelewa, ni huyo huyo anayetaka kulipiza kisasi kwake. Wazazi kijijini wanampenda, lakini lugha imekatika kati yao.

Hapa tena fani inatusaidia. Riwaya inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, nasi tunafungiwa ndani ya kichwa cha Kazimoto pamoja naye. Swali linazunguka humo bila kupata mlango. Tumezoea kusema Kazimoto alijiua kwa sababu alimkana Mungu. Mimi nadhani tunaharakisha. Wapo waliomkana Mungu wakaishi na kuzeeka. Kazimoto alikuwa na swali zito na hakuwa na mtu wa kumsaidia kulibeba. Rosa ana wenzi lakini hana swali, Kazimoto ana swali lakini hana mwenzi, na wote wawili wanafika mahali pamoja.

Tukitaka kuona namna nyingine, tuvuke mpaka twende Kenya, kwenye riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1965, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Njia Panda. Muthoni ni binti wa mhubiri Joshua, mkali pengine kumshinda Zakaria, maana huyu hata hanywi. Muthoni anaamini kweli, lakini pia anataka kupitia jando la wasichana wa kabila lake, jambo ambalo misheni imelikataza. Kwake hizo si njia mbili. Anataka awe Mkristo na mwanamke kamili wa Wagĩkũyũ kwa pamoja. Na wazo hilo analitoa wapi kwanza? Mtoni Honia, wanapoteka maji na dada yake Nyambura. Nyambura anashtuka, anamwogopea dada yake, haafiki. Lakini anasikiliza. Baadaye Waiyaki naye anamwuliza Muthoni sababu, na anajibiwa.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa hiyo nilijibu mapema. Muthoni naye anakufa, tena kwa kidonda cha kukeketwa. Ni kweli, na asitokee mtu wa kuniambia kwamba natetea ukeketaji. Tunajua unavyoua, na Kenya iliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Muthoni alikosea jibu. Lakini swali lake halikufa naye, na hapo ndipo anapotofautiana na Rosa na Kazimoto. Nyambura analirithi, analigeuza kuwa swali lake mwenyewe, na mwishoni anasimama mbele ya baba yake na kuchagua. Waiyaki naye analibeba hadi linamgharimu. Swali lililosemwa kwa mwenzi lina wa kuliendeleza, hata mwenye nalo akiondoka.

Ngũgĩ mwenyewe alijua uzito wa kusema mbele ya watu. Aliandika riwaya hiyo akiwa kijana, mwanafunzi wa Makerere, naye wakati huo akiitwa James. Mwaka 1970, alipozungumza mbele ya mkutano wa kanisa la Presbyterian mjini Nairobi, alianza kwa kusema kwamba yeye si Mkristo. Mzee mmoja akasimama akamkemea, akamkumbusha kuwa bado ana jina la Kikristo. Baadaye Ngũgĩ aliliacha jina hilo. Wengine watasema mzee alimpoteza kondoo. Mimi nasema angalau alimjibu. Alimchukulia kama mtu aliyesema jambo, si kama mgonjwa wa kuwekewa mikono.

Wengi wetu tumepitia UKWATA au TYCS sekondari, na tunajua faida yake: nyimbo, urafiki, mtu wa kukukopesha nauli. Sidharau hayo, na wala sisemi maombi ni mabaya, bado naomba. Ninachosema ni kwamba riwaya hizi tatu zinatuonya juu yetu sisi, na si juu ya wazazi peke yao. Ni rahisi kumlaumu Zakaria. Zakaria hayupo hosteli. Waliopo ni wale wanaolala kitanda cha juu na kitanda cha chini, na usiku taa ikizimwa mmoja wao ana neno la kusema.

Mwenzangu yule tuliacha kukaa chumba kimoja mwaka uliofuata. Juzi nilimkuta maktaba anasoma Kichwamaji kwa ajili ya mtihani. Nikamwuliza anaionaje. Akanitazama kidogo, akafunga kitabu kidole kikiwa ndani, akasema: "Una nafasi lakini? Maana si jibu fupi." Nikavuta kiti.