Urmuz: ventilatere aliyepewa kazi ya Leta

Bandugu, wengi wetu tulijuana na Ionesco kwa masomo ya Kifaransa, na tukamuweka moja kwa moja kwa hesabu ya Wafaransa. Kumbe alizaliwa Slatina, Rumania, mwaka 1909, na kitabu chake cha ukosoaji, Nu (ni kusema « Hapana »), alikitoa kwa Kirumania mwaka 1934, miaka 16 mbele ya La Cantatrice chauve kuchezwa Paris. Ukimfuata huko nyuma, unakutana na jina fupi: Urmuz.

Jina lake la kweli ni Demetru Demetrescu-Buzău, wa 1883. Alikuwa grefie wa tribinali kule Bukaresti. Vyote alivyoacha ni kurasa makumi machache tu. Kuko memuare za lisansi zenye kumpita mbali. Hadithi zile alizitunga kwanza kwa kuchekesha wadogo zake nyumbani. Rafiki yake wa masomo, mwigizaji George Ciprian, njo alizitembeza kwa mdomo mjini, mpaka mshairi Tudor Arghezi akachapa mbili katika gazeti Cugetul românesc mwaka 1922. Mwaka uliofuata Urmuz alijiua. Wakosoaji wanapenda kuanzia pale, kwa kifo. Minaona wanakosea: ukiingia na kilio hautacheka, na ile maandishi inaomba ucheke kwanza.

Chukua « Ismaïl na Turnavitu ». Ismaïl ni mtu aliyeundwa na macho, ndevu za mashavu na kanzu, basi. Anatembea na mnyama jamaa ya nyegere, amefungwa kamba ya meli. Mpaka hapa unaweza sema: mchezo wa watoto. Lakini angalia Turnavitu. Huyu alikuwa ventilatere ya kawaida katika mikahawa michafu ya Wagiriki. Halafu akaingia siasa, na kwa njia ile akateuliwa ventilatere ya Leta, jikoni kwa wazima-moto.

Siye tuliomaliza masomo na kuzunguka na dosye mkononi, biro kwa biro, tunahitaji mwalimu wa kutufasiria ile? Kazi yake ni ileile, kupepea hewa. Kilichobadilika ni nani anamjua. Wanaosema Urmuz aliandika vitu bila maana hawakusoma kwa macho ya grefie. Sentensi zake ziko kavu, za heshima, kama prose-verbali, na ndani yake mtu amekuwa kifaa. Angeandika kwa kelele, tungecheka mara moja tukasahau.

Sisemi kila kitu chake ni kizuri. « Fuchsiada », ya mwanamuziki aliyezaliwa kwa sikio la bibi yake, ilinichosha: miungu mingi, na kicheko kinakuja kimechelewa.

Mwenye kutaka maumivu ya kweli amtafute Max Blecher, aliyelazwa miaka na miaka kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo na kufa 1938. Romani yake ya 1936 iko kwa Kifaransa: Aventures dans l'irréalité immédiate. Ile haisomwi ndani ya taksi.

Urmuz naye yuko kwa Kifaransa, na mmoja wa watafsiri wake ni Ionesco mwenyewe. Anzeni na Turnavitu. « Fuchsiada » ingoje.