Jeneza si Kilele: Kuusoma Upya Wasifu wa Francisco de Borja

Utangulizi

Wasifu ni utanzu ambao walimu wengi tunaupitia mbiombio. Tunamwambia mwanafunzi ataje mahali mhusika alipozaliwa, masomo yake, kazi yake na kifo chake, kisha tunakimbilia riwaya na tamthilia. Ndiyo maana mtahiniwa akipewa kifungu cha maisha ya mtu, hukisoma kama orodha ya matukio. Hajiulizi ni nani anayesimulia, wala kwa nini tukio moja limepewa kurasa nyingi na jingine limepewa sentensi moja.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba wasifu, kama riwaya, una msuko, kichocheo, kilele na usawiri wa wahusika. Mfano tutakaoutumia ni maisha ya Francisco de Borja (1510–1572), kabaila Mkatoliki wa Hispania aliyekuwa mtawala, mume, baba wa watoto wanane na hatimaye padri wa Shirika la Wajesuiti. Miongoni mwa wasifu wake wa mwanzo ni ule wa Pedro de Ribadeneyra, Mjesuiti mwenzake, uliochapishwa mwaka 1592. Tangu enzi hizo kisa chake kimesimuliwa mara nyingi, na takriban kila mara kwa msuko ule ule.

Kisa kinavyosimuliwa

Borja alizaliwa Gandía, mashariki mwa Hispania, katika ukoo wenye sifa njema na mbaya. Upande wa baba alikuwa kitukuu cha Papa Alexander VI. Upande wa mama alikuwa kitukuu cha Mfalme Ferdinand wa Aragon. Alilelewa karibu na watawala, na mwaka 1529 akamwoa Leonor de Castro, bibi wa Kireno aliyekuwa mhudumu wa Malkia Isabel, mke wa Kaisari Carlos V.

Tarehe 1 Mei 1539, malkia huyo alifariki mjini Toledo. Borja akapewa jukumu la kuusindikiza mwili hadi Granada kwa mazishi. Huko ilibidi jeneza lifunguliwe ili athibitishe kwamba aliyemo ndiye malkia. Uso uliosifiwa kwa urembo ulikuwa umeharibika kabisa. Wasimulizi hutuambia kwamba papo hapo kabaila yule aliapa kutomtumikia tena bwana awezaye kufa. Kutoka hapo msimulizi huruka hadi kwenye kanzu ya Kijesuiti, na mwanafunzi huandika: "Borja ni mhusika aliyebadilika ghafla." Nakiri kwamba nami nimewahi kulitilia alama jibu la namna hiyo pasi na kulihoji.

Tarehe zinasema nini?

Tuzipange tarehe. Mwezi Juni mwaka uo huo wa 1539, majuma machache tu baada ya Granada, Borja aliteuliwa kuwa mwakilishi wa Kaisari katika jimbo la Catalonia. Aliukubali wadhifa huo na kuutumikia hadi mwaka 1543. Aliimarisha ngome za Barcelona na kuwasaka majambazi kwa mkono mzito. Baba yake alipofariki mwaka 1543, alirithi cheo cha ukabaila wa Gandía. Mkewe Leonor alifariki mwaka 1546. Mwaka 1548 aliweka nadhiri za Kijesuiti kwa siri. Aliondoka Gandía kwenda Roma mwezi Agosti 1550, na mwaka 1551 akamwachia mwanawe mkubwa, Carlos, cheo chake, kisha akapewa upadri.

Basi kati ya jeneza na safari ya Roma kuna miaka 11. Huo si ughafla. Msimulizi anayeifumba miaka hiyo ametumia ufupisho wa wakati, na ufupisho huo una maana: unafanya wito uonekane kama radi iliyopiga mara moja, ilhali maisha yenyewe yanauonyesha kama mbegu iliyochelewa kuota.

Je, tulitupilie mbali jeneza? La hasha. Borja mwenyewe aliandika shajara ya kiroho kati ya mwaka 1564 na 1570, na humo aliikumbuka tarehe 1 Mei kuwa siku ya kuongoka kwake. Lakini hebu tutazame tena: 1 Mei ni siku malkia alipofariki Toledo, si siku jeneza lilipofunguliwa Granada. Mwenye maisha anakumbuka kifo. Wasimulizi wanakumbuka maiti. Katika istilahi zetu, kifo cha malkia ni kichocheo cha msuko. Kilele kiko mbele.

Siasa: yaliyopitiwa haraka

Wasifu wa watakatifu huonyesha siasa kama shati lililovuliwa na kutupwa. Ukweli una utata zaidi. Baada ya Catalonia, Borja alitarajiwa kuisimamia nyumba ya mwanamfalme Felipe na mkewe wa Kireno, lakini ufalme wa Ureno haukuridhia. Kwa hivyo, alirudi Gandía akiwa na jeraha la kisiasa pia. Msimulizi akilificha jambo hili, anamnyima msomaji sababu moja ya kibinadamu ya mabadiliko ya mhusika.

Aidha, siasa haikumwacha hata baada ya kuvaa kanzu. Mwaka 1555 alikuwa karibu na Malkia Juana alipokuwa akikata roho kule Tordesillas. Mwaka 1559 kitabu kilichobeba jina lake kiliingizwa katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku na mahakama ya kidini ya Hispania, naye akawa Ureno kwa muda kabla ya kwenda Roma mwaka 1561. Mwaka 1565 alichaguliwa kuwa mkuu wa tatu wa Wajesuiti. Mwaka 1571, akiwa mgonjwa, Papa Pius V alimtuma pamoja na ujumbe wa kardinali kwa wafalme wa Hispania, Ureno na Ufaransa kutafuta umoja dhidi ya Waturuki. Alirejea Roma hoi mwaka 1572 na kufa muda mfupi baadaye. Hapa pana kinaya kikubwa: aliyekimbia mabaraza ya wafalme alimalizwa na safari ya kwenda kwenye mabaraza hayo hayo.

Familia: kilele chenyewe

Kwa maoni yangu, kilele cha wasifu huu ni kuagana kwa mwaka 1550. Swali gumu la maisha haya si kama kabaila anaweza kuacha mali. Swali ni kama baba anaweza kuwaacha watoto wanane ambao tayari wamefiwa na mama. Mgogoro huu ni wa nafsi, na hauna jibu rahisi.

Ndiyo maana nadhiri za 1548 zilikuwa za siri. Kwa idhini ya Papa, Borja alibaki na cheo na mali kwa muda ili apange urithi na ndoa za wanawe. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alimshauri asiitangaze habari hiyo mapema. Katika miaka hiyo Borja alikuwa watu wawili ndani ya nyumba moja: mbele ya watumishi ni bwana mkubwa, na moyoni ni mtawa. Mwandishi wa riwaya angeufanya utengano huo kuwa kiini cha kazi yake.

Wachoraji walimtangulia mwandishi huyo. Mwaka 1788 Goya alichora kwa ajili ya kanisa kuu la Valencia picha ya Borja akiagana na jamaa zake. Mwaka 1884 José Moreno Carbonero alichora jeneza likiwa wazi, na kabaila akiuficha uso begani mwa mwenzake. Mchoraji mmoja amechagua kichocheo, mwingine kilele. Mwalimu anaweza kuzitumia picha hizi mbili kueleza tofauti ya istilahi hizo.

Jazanda ya jeneza na Al-Inkishafi

Jeneza lina nguvu kwa sababu ni jazanda ya upungufu wa dunia. Msomaji wa Kiswahili anaijua dhamira hii kupitia utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Hata hivyo, kuna tofauti ya kimbinu. Katika Al-Inkishafi, nafsi inausuta moyo wake, na majumba ya Pate yaliyobaki magofu ni ushahidi wa fahari ya jamii nzima iliyopita. Katika wasifu wa Borja, uso mmoja unatosha. Utenzi unamwacha mshairi akiuhimiza moyo ugeuke, ilhali wasifu unatakiwa kuonyesha aliyegeuka aliishi vipi kesho yake. Hapo ndipo wasimulizi wengi wa Borja wanapolegea.

Usawiri wa mhusika

Mtahiniwa akiulizwa sifa za Borja, asiishie kwenye "mcha Mungu". Ni mwajibikaji (hakuondoka kabla ya kupanga maisha ya wanawe), msiri (nadhiri za 1548), mkali (vita vyake dhidi ya majambazi), na mvumilivu (alingoja miaka 11). Kila sifa iambatane na tendo. Mhusika wa namna hii ni mhusika duara. Ni msimulizi mwenye haraka anayemfanya bapa.

Hitimisho

Borja alitangazwa mtakatifu mwaka 1671, karibu miaka 100 baada ya kufa. Anayesimulia maisha ya mtakatifu anaujua mwisho kabla ya kuanza, na hushawishika kupanga kila kitu kielekee huko. Kazi ya mhakiki si kubeza imani hiyo. Kazi yake ni kumrudishia mhusika miaka aliyonyang'anywa, kwa kuwa mwanafunzi anayefunzwa kwamba watu wema hubadilika kwa dakika moja atakata tamaa atakapoona yeye mwenyewe habadiliki upesi.

Maswali ya mazoezi

1. Tofautisha kichocheo na kilele ukirejelea wasifu wa Borja. (alama 6)
2. "Wajibu wa familia ndio mgogoro mkuu katika maisha ya Borja." Jadili. (alama 20)
3. Eleza jinsi kinaya kinavyojitokeza katika maisha yake ya kisiasa. (alama 8)