Umri na Usanii: Uhakiki wa Safari ya Aniceti Kitereza ya Kuwa Mwandishi

Sehemu hii inahakiki dai kwamba Aniceti Kitereza alichelewa kuwa msanii. Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896 na kusoma katika seminari ya Rubya, iliyo leo mkoani Kagera. Alikamilisha mswada wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka 49. Tanzania Publishing House iliuchapisha mwaka 1980, kwa tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe. Alifariki mwaka 1981.

Tarehe hizi zinabeba mambo mawili ambayo wahakiki hawana budi kuyatenganisha. Kwanza, kuandika akiwa mtu mzima kulimfaa. Subira ya Myombekere anayemfuata mkewe ukweni, pamoja na maelezo ya kina kuhusu kilimo, uvuvi na uganga, yanadhihirisha mwandishi aliyeishi na kutazama kwanza. Pili, miaka 35 ya mswada kukaa bila kuchapishwa ilitokana na ugumu wa kumpata mchapishaji wa kazi ya Kikerewe. Kuiita miaka hiyo subira ya msanii ni kuficha kikwazo chenyewe.

Mtafiti ni mzaliwa wa Ngara, ambako wazee husimulia kwa Kihangaza na Kishubi. Mzee anayetaka kuandika leo anakabiliwa na swali lilelile: nani atachapisha, na kwa lugha ipi? Kitereza alivuka kwa kujitafsiri, na kitabu kilipochapishwa alikuwa na miaka 84. Wachache watajaliwa umri huo.