Muujiza wa Ukurasa wa Mwisho

Naomba nianze kwa kujikosoa mwenyewe kabla sijawagusa wenzangu.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi fupi kuhusu shangazi yangu wa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu. Kijana wake alikwenda Dar kutafuta maisha, kama vijana wengi wa Kigoma, akapotea kabisa. Hakuna barua, hakuna hata salamu za kupitia kwa mtu. Katika hadithi yangu nilimrudisha. Shangazi anatoka kanisani siku ya Pasaka, anamkuta kijana amekaa barazani na begi jipya. Machozi, haleluya, mwisho. Wenzangu mjini waliisifu sana.

Likizo nikaenda nyumbani, nikamsomea mwenyewe. Tulikuwa tunachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, huyo kijana wako amerudi. Wa kwangu bado. Mbona hukuniuliza siku hizi naomba nini?"

Nikamwuliza. Akasema miaka ya mwanzo alikuwa anaomba mtoto arudi. Baadaye akawa anaomba asiwachukie akina mama ambao watoto wao walirudi. Siku hizi anaomba nguvu ya kuendelea kuomba, basi. Na kila Jumapili bado anatangulia kanisani kufagia.

Jamani, hadithi yenyewe ilikuwa hapo, nami niliiruka!

Nimesoma miswada mingi ya vijana wenzangu, na ugonjwa huu naukuta kila mara. Chanzo chake nadhani ni ushuhuda wa kanisani. Anayesimama kutoa ushuhuda ni yule aliyekwisha kupata: kapona, kapata kazi, kapata mchumba. Ambaye hajapata anabaki kwenye benchi anapiga makofi. Tukishika kalamu tunamfuata yule wa mbele. Kwa upande wa fani, mgogoro hautatuliwi, unafutwa tu. Kwa upande wa maudhui, msomaji anayesubiri anaambiwa kichinichini kwamba imani yake ni ndogo. Huo ni ukatili, hata kama hatukuukusudia.

Wapo wengine waliomsoma Euphrase Kezilahabi wakakimbilia upande wa pili. *Rosa Mistika*, riwaya yake ya mwaka 1971 iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, inamwacha Rosa ajiue. Hakuna mwokozi wa dakika ya mwisho. Lakini tazameni kifo kile kinavyojengwa tangu mwanzo, katika ukali wa Zakaria, baba yake. Sisi tunachukua kifo, njia yake tunaiacha. Mhusika akikosa kazi miezi sita, anamlaani Mungu, anajinyonga. Kwani hilo lina tofauti gani na begi jipya barazani? Yote mawili yanamwondolea mwandishi kazi ya kuonyesha mhusika ataamkaje kesho yake.

Hebu tujiulize: Biblia yenyewe inafanyaje? Zaburi ya 88 inamlilia Mungu tangu mwanzo na inaishia gizani, bila shukrani ya kufungia. Waebrania sura ya 11 inawasifu watu wa imani mmoja mmoja, halafu inakiri kwamba hawakuipokea ile ahadi. Waliotukabidhi vitabu hivyo hawakuona haya kuviacha hivyo. Sisi haya zinatutoka wapi?

Na mifano si ya kale tu. Kasulu kwetu, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 wakaingia Warundi kwa maelfu. Wapo waliozaliwa humo, wakakua, wakapata watoto, huku wazee wao wakingoja kurudi kwao. Na humo humo makanisa yalijengwa, kwaya zikaimba. Mwandishi anayetaka kuijua imani inayosubiri asianze na mahubiri. Aulize mambo madogo: mwalimu wa kwaya akihamishiwa nchi nyingine, nani anaishika sauti ya pili? Aliyebaki anaimbaje wimbo wa kuagana kwa mara ya kumi?

Kuna atakayesema nawafundisha watu kukata tamaa. Hapana. Aliyekata tamaa hafagii kanisa. Ninachosema ni kwamba ile miaka ya katikati, ambayo ombi linabadilika lakini mwombaji haondoki, ndiyo yenye tendo la kusimulia. Muujiza ukitokea kweli, uandikwe. Usipotokea, mwandishi hana mamlaka ya kuutoa mfukoni mwake.

Hadithi yangu nimeiandika upya. Kijana hajarudi. Shangazi anaamka, anachukua ufagio. Sijui kama mhariri ataipenda, maana haina kishindo. Likizo ijayo nitamsomea tena, na safari hii nitamwuliza kwanza sasa hivi anaomba nini. Huenda ombi limebadilika tena.