Iko wapi rafu?

Siku hizi madesa hayapigwi fotokopi, yanarushwa. Unamkuta kijana ana simu yenye vitabu vingi vya hesabu na fizikia kuliko maktaba nzima ya shule yake, na vyote kavipata bure. Chuo cha MIT kule Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni, asome anayetaka bila kulipa hata senti. Mihadhara ya fizikia ya Richard Feynman, ambayo zamani ungeiona kwenye kabati la profesa tu, nayo inasomwa bure. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Ni neema, na sitaki nionekane mkulima anayeinung'unikia mvua. Ninachouliza ni kimoja: rafu iko wapi? Ile karatasi ya kukokotolea, yenye mikato na mishale, ambayo mwalimu hakuiomba wala hakuisahihisha?

Katika maktaba moja ya mkoa niliyokuwa nikijisomea, kulikuwa na kitabu cha aljebra ambacho kurasa zake za mwisho, zile za majibu, zilikuwa zimenyofolewa. Aliyezinyofoa hatukumjua, ila tulimlaani sana. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoona kwamba yule mwizi alitufundisha kuliko walimu kadhaa. Ukipata kwamba x ni 7, hakuna wa kukupongeza. Unairudisha 7 yako kwenye mlinganyo, unakokotoa upande wa kushoto, unakokotoa wa kulia, na pande zikilingana unajua umepata bila kumuuliza mtu. Zisipolingana, unarudi juu mstari kwa mstari kuitafuta ile alama ya kutoa iliyokuponyoka.

Pembeni mwa maswali, waliotutangulia walikuwa wameacha majibu yao kwa penseli. Nalikumbuka swali la mabomba mawili: la kwanza linajaza tangi kwa saa 3, la pili kwa saa 6, yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi? Hapo palikuwa na majibu matatu ya miandiko mitatu. Mmoja aliandika 9, kana kwamba bomba la pili limekuja kulichelewesha la kwanza. Mwingine aliandika 4½, akaridhika na wastani. Wa tatu alikuwa na mwandiko mdogo mno, wa mtu anayebana karatasi. Alijiuliza kwanza kila bomba linajaza kiasi gani kwa saa moja: theluthi, na sudusi, jumla nusu. Basi saa 2. Hakumkata aliyekosea wala hakujitia ualimu. Aliacha hatua zake pale, na sisi tuliokuja nyuma tukazifuata. Sikuwahi kumjua, lakini hesabu za sehemu alinifundisha yeye.

Ustadi huo haujafa kabisa. Pale Gerezani, Dar es Salaam, yupo fundi wa kusuka mota aliyeishia kidato cha pili. Waya wa shaba anaujua kwa ncha za vidole. Kilichomkera miaka yote ni hiki: fezi moja ikipimwa na nyutro inasoma volti 230, lakini ukipima fezi na fezi unapata 400. Mbona si 460? Wenzake walimjibu kwamba umeme ndivyo ulivyo. Yeye akapakua kitabu cha bure cha trigonometria, cha Kiingereza, akaweka kamusi ubavuni, akaanza ukurasa wa kwanza.

Nilimkuta amegeuza kalenda ya ukutani iliyopitwa na mwaka, anachora upande mweupe. Sentimita 1 kwa kila volti 10. Akapiga mstari wa sentimita 23, akaweka kipimapembe, akafungua nyuzi 120, akapiga mwingine wa sentimita 23. Hizo nyuzi 120 hakuzitoa kitabuni. Amezisuka maisha yake yote, maana fezi tatu hugawana duara sawasawa. Kisha akaziunganisha ncha mbili na kulaza rula. Sentimita 39 na milimita 8. Volti 398.

Wengi wetu tungeishia hapo, tukaagiza chai. Yeye alichonga penseli, akashusha mstari kutoka kwenye ile pembe kubwa hadi katikati ya upande mrefu, akaanza kukitafuta kwa hesabu kile ambacho rula ilishampa, kwa sababu, aliniambia, rula hukosea na mkono hukosea. Kipeuo cha pili cha 3 alikifikia taa za barabarani zikiwa zimewaka. Kuna mahali alitumia kosaini badala ya saini, ikamrudishia 230 ileile aliyoanza nayo. Pembeni akaandika: "Haiwezekani." Na kweli haiwezekani, kwani upande unaoitazama pembe kubwa lazima uwe mrefu kuliko wenzake. Neno hilo moja kwangu lina thamani kuliko cheti.

Watu wa namna yake wamekuwapo siku zote. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa Uingereza, aliwekwa kwa mjalidi vitabu wa London kujifunza kazi, naye akawa anavisoma vitabu alivyoletewa kuvijalidi. Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za kumsikiliza mkemia Humphry Davy. Faraday aliandika aliyoyasikia, akachora vifaa, akaijalidi kazi yake kwa mkono wake na kumpelekea Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa kama msaidizi wake. Mota zinazosukwa Gerezani zina asili yake kwenye majaribio ya mtu huyo.

Na hapa kwetu, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Wakitengeneza aiskrimu, alihofia kukosa nafasi kwenye friji, akayaingiza maziwa yake yakiwa ya moto, nayo yakatangulia kuganda. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Mpemba hakubishana. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuta maabara iko wazi na mwalimu hayupo, akachukua bika mbili, moja ya maji ya moto na moja ya maji ya bomba, akajaribu mwenyewe. Alipomuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, wenzake walimcheka; Osborne alikwenda kupima. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969, na wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo.

Sasa swali linapigwa picha, na simu inarudisha hatua zote zimepangika, hakuna mkato hata mmoja. Video inatazamwa kwa kasi maradufu, mtazamaji anatikisa kichwa kukubali, na kutikisa kichwa kunamhadaa kwamba ameelewa. Mbadilishie namba kesho asubuhi uone. Kwenye kumbi za kusomea watu wanagombania meza zilizo karibu na soketi. Kupiga msuli kumekuwa kupakua, na kila faili jipya linampa mwenyewe raha ya mtu aliyekwisha kusoma.

Msomaji wangu mwenye mtoto wa sekondari, kabla hujamnunulia bando jingine, mnunulie kaunta buku na penseli. Mwezi ukiisha usimuulize amepakua vitabu vingapi. Mwambie akuonyeshe kurasa alizokosea.