Chupa Isiyotakiwa Kubaki

Pale Mwaloni Kirumba, nyuma ya magunia ya dagaa, nilikuta vijana wamezunguka kibao cha mbao. Kimewekwa kwa mteremko, kimepigiliwa misumari na kuzungushiwa tyubu ya baiskeli. Unafyatua gololi, kisha unaizuia kwa vijiti viwili isitumbukie shimoni. Fundi wake alichora juu yake filamu ya The Gods Must Be Crazy: ndege, chupa ya soda, na yule jamaa wa Kalahari aliyevaa kipande cha ngozi. Gololi ikimpiga jamaa, pointi kumi, na watu wote kicheko.

Nilicheza, nikacheka. Njiani nikajiuliza: hivi nilikuwa nacheka nini?

Filamu hiyo ya mwaka 1980, ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, wengi wetu tuliitazama katika vibanda vya video tukiwa tumebanana. Chupa inatupwa kutoka kwenye ndege. Mwanzoni ni neema: inatwangia, inapigiwa muziki. Lakini ni moja tu, basi ugomvi unaingia. Xi, aliyeigizwa na N!xau wa Namibia, anafunga safari kwenda kuitupa mwisho wa dunia.

Sasa tazama kibao. Sheria yake ni moja: usipoteze gololi. Na lengo la Xi ni moja: kuipoteza chupa. Fundi kachukua sura ya filamu, roho yake kaigeuza miguu juu, kichwa chini.

Wapo watakaosema, dogo, kile ni kibao tu, siyo riwaya. Sikubaliani nao. Mwaka 1992 huko Marekani ilitoka mashine ya pinboli, kaka mkubwa wa kibao chetu, iliyotokana na filamu ya vichekesho ya The Addams Family ya mwaka 1991. Mbunifu wake, Pat Lawlor, hakuishia kubandika sura za waigizaji. Katika filamu kuna kiganja kinachoishi bila mwili. Kwenye mashine kiganja hicho kinachomoza sandukuni, kinanasa mpira wa chuma kwa sumaku na kutokomea nao. Kichekesho kimekuwa tendo. Mashine hizo ziliuzwa zaidi ya 20,000. Kwa lugha ya darasani, fani imebeba maudhui.

Ningekuwa fundi, ningegeuza sheria. Gololi iwe chupa, misumari iwe watu wanaoirudisha, na mshindi awe yule atakayeitumbukiza shimoni mapema.

Na yule jamaa asiwe shabaha. Kweli, filamu yenyewe ina doa: ilitengenezwa enzi za ubaguzi wa rangi, na inawaonyesha Wasan kama watoto wasioijua dunia. Lakini angalau ilimpa Xi safari na uamuzi. Kibao kimembakizia ngozi tu.

Mimi nilivuka kwa feri kutoka Sengerema nikiwa na kandambili, nikachekwa stendi kwa kuuliza njia. Siku ile Mwaloni, mkono wangu ulipomlenga jamaa, nilikuwa nimeshasahau.

Sisi tunaoota kuandika riwaya tujihadhari na hilo: ni rahisi kuchora vazi la mtu ukaiacha safari yake.

Nilirudi kumweleza fundi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, ila nije na misumari yangu.