Kuipima Kamera ya Familia Kabla ya Kulipa

Kamera ya dijitali ya familia hupimwa kwa picha za jioni, sebuleni, taa ikiwa moja tu na watoto hawatulii. Mchana wa jua kali karibu kila kamera hutoa picha ya kupendeza, hata ile ya bei ya chini kabisa. Mwanga hafifu na mwendo ndivyo vinavyoonyesha kamera ipi imetengenezwa vizuri, na yote yanayofuata hapa yanahusu mambo hayo mawili.

Namba inayoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi ni ya megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Kuchapa picha safi ya ukubwa wa karatasi ya A4 kunahitaji megapikseli 9 hivi. Picha ya albamu ya inchi 4 kwa 6 huhitaji 2 tu na kidogo. Kamera zinazouzwa leo zimevuka viwango hivyo kwa mbali, na nukta za ziada humfaa anayetaka kukata kipande cha picha na kukikuza. Kwa wengine hujaza memori kadi upesi. Wauzaji huitangaza namba hii kwa sababu ni rahisi kuitaja, lakini haifai kuwa kigezo cha kwanza.

Kigezo cha kwanza ni ukubwa wa kihisi, kile kipande bapa cha silikoni kilicho nyuma ya lenzi ambacho hupokea mwanga. Katika kamera ndogo za bei nafuu kihisi huwa na milimita 6 kwa 4.5 hivi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kile kiitwacho cha inchi moja kina milimita 13 kwa 9 tu, licha ya jina lake. Kihisi cha APS-C hufikia takriban milimita 23 kwa 15, na kile kikubwa kinacholingana na fremu ya filamu ya zamani kina 36 kwa 24. Eneo likiongezeka, mwanga unaokusanywa huongezeka, na zile chengachenga zinazoharibu picha za usiku hupungua. APS-C ndiyo inayofaa familia nyingi. Kihisi cha inchi moja ni chaguo jema kwa anayetaka kamera ya mfukoni, ila kikubwa kabisa huja na lenzi nzito na ghali, na kamera nzito huishia kabatini.

Lenzi ina uzito sawa na kihisi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hubana fedha mahali pasipostahili. Upana wa tundu lake huandikwa kwa herufi f, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera mara nyingi husomeka f/3.5-5.6. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga zaidi ya mara 9 ya ile iliyo kwenye f/5.6. Lenzi isiyo na zumu ya milimita 35 yenye f/1.8, ikifungwa kwenye kamera ya APS-C, inatosha kwa sehemu kubwa ya picha za ndani ya nyumba. Kuhusu zumu, inayohesabika ni ile ya lenzi yenyewe. Zumu ya dijitali hukata picha na kuikuza tu.

Jambo la ngozi nyeusi linastahili uangalifu wa pekee. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye sura ya mwanamke Mzungu, na nyuso nyeusi zikatoka bila umbo wala macho. Teknolojia imebadilika, lakini tatizo halijaisha. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila mandhari ina weupe na weusi wa wastani. Mbele ya kanzu nyeupe au gauni la bibi harusi hupunguza mwanga, na uso unazama gizani. Kamera nzuri ya familia huwa na kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, chenye alama za + na −, kinachofikiwa na kidole gumba bila kuingia kwenye menyu. Pia hutambua nyuso na kupima mwanga juu yake. Flashi inayopiga usoni moja kwa moja huacha mng'ao kwenye paji la uso, kwa hiyo sehemu ya juu ya kufungia flashi inayoweza kuelekezwa kwenye dari nyeupe ni ya thamani kubwa.

Kasi hupimwa dukani. Mtu atembee kuelekea kamera huku picha zikipigwa mfululizo, kisha kila picha ikuzwe kwenye skrini. Macho yakiwa makali katika picha nyingi, kamera inafuatilia vizuri. Yakiwa makali katika moja au mbili tu, mtoto anayekimbia hatapatikana.

Kamera ya mtumba inaweza kuwa ununuzi bora kuliko mpya ya daraja la chini, mradi ikaguliwe. Katika miji ya pwani yenye unyevu, kama Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, adui mkubwa ni fangasi ndani ya lenzi. Tochi ikimulikwa upande mmoja na jicho kuchungulia upande wa pili, huonekana kama nyuzi nyembamba zenye matawi. Vumbi kidogo si hoja, lakini fangasi hula utando wa kioo, na lenzi hiyo irudishwe kwa muuzaji. Picha ya ukuta mweupe kwenye f/16 hufichua madoa juu ya kihisi, ambayo fundi anaweza kuyasafisha. Mlango wa betri ufunguliwe: kutu ya kijani kwenye vyuma vyake ni dalili ya maji.

Jaribio la mwisho ni katika kona yenye giza dukani: mtu yuleyule apigwe picha kwa simu ya mnunuzi, kisha kwa kamera, na macho yakuzwe katika picha zote mbili. Kamera isiyoishinda simu hapo haistahili kununuliwa.